Skrini mbili, amri moja: msitunyang'anye xrandr

Wadau, leo sina mafunzo ya hatua kwa hatua. Leo nina ugomvi.

Siku hizi mtu akiuliza namna ya kuunganisha skrini mbili kwenye Linux, anajibiwa neno moja: "Hamia Wayland, X imekufa." Wengi wanaojibu hivyo wana skrini mbili mpya mezani na stima isiyokatika. Mimi niko Kapsoit, kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, na msimamo wangu ni huu: Wayland itakuwa tayari kwetu siku skrini zitakapopangwa kwa amri moja inayofanya kazi kwenye kila desktopu. Kabla ya siku hiyo, kutuondolea X ni kututupa.

Tukumbuke tulikotoka. Zamani ulifungua xorg.conf ukaandika Section "Monitor" mbili, "Screen" mbili, kisha "ServerLayout", ukawasha Xinerama. Mwenye kadi ya NVIDIA alikuwa na TwinView yake. Ukisahau EndSection moja, unapata giza. Halafu 2007 ikaja RandR 1.2 pamoja na X.Org Server 1.3, na tukapata hii:

xrandr --output LVDS-1 --auto --output VGA-1 --auto --right-of LVDS-1

Basi. Mstari mmoja, na ulifanya kazi sawa kwenye GNOME, KDE, Xfce hata IceWM. Unaweza kumtumia mtu kwa SMS, akaunakili jinsi ulivyo, skrini ya pili ikawaka. Hiyo SMS ndiyo hoja yangu yote. Sasa sikilizeni kwa nini.

1. Stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru, nchi nzima ikazima. Agosti 25, 2023 giza tena, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA. Huku kwetu hatungoji tumbili, mvua ya alasiri inatosha. Stima ikipotea, laptopu inabaki kwa betri na skrini ya nje inazima. Lakini laptopu haijui! Pini ya 9 ya VGA inapeleka volti 5, kwa hiyo skrini iliyokufa bado inaweza kujibu jina lake na ukubwa wake. Madirisha yako yamebaki gizani, mshale wa mausi nao umepotelea huko. Dawa ni xrandr --output VGA-1 --off, uifunge kwenye kitufe kimoja. Madirisha yote yanarudi.

2. Mitumba. Skrini tunazonunua ni zile za inchi 17, 1280 kwa 1024, zilizotoka ofisi za Uingereza. Kebo nyingi za bei rahisi hazina nyaya za DDC, basi kompyuta haisomi ukubwa wa skrini na inaishia 1024 kwa 768, maandishi yamevimba. Kwenye X unaandika cvt 1280 1024, unachukua jibu, unaliweka kwa --newmode na --addmode, umemaliza bila kuwasha upya. Kwenye GNOME ya Wayland utaambiwa uweke faili la EDID na kubadilisha vigezo vya kernel. Mwelezeeni mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari hayo kwa SMS!

3. Saiba. Mwenye saiba huwa na skrini ya pili inayomtazama mteja, ahakikishe jina na nambari ya kitambulisho kabla fomu ya KRA au eCitizen haijatumwa. Wakati wa kuhakikisha, skrini zinafanana: --same-as. Mteja akiondoka zinatengana: --right-of. Vitufe viwili. Skrini zisipotengana, mteja wa pili anasoma siri za wa kwanza. Sasa mtu aboreshe mfumo, aingie Wayland bila kujua. Ile xrandr bado ipo, bado inataja skrini kupitia XWayland, lakini haipangi chochote. Kitufe kinabonyezwa, skrini haibadiliki.

"Lakini Wayland ina zana zake!" Naam, nazo ni hizi: KDE ina kscreen-doctor. GNOME ina gdctl, iliyokuja 2025 na GNOME 48. Sway ina swaymsg. Zilizojengwa juu ya wlroots zina wlr-randr. Kila moja na lugha yake. Wayland ilianzishwa 2008, na mpaka leo haina njia moja ya kupanga skrini inayokubaliwa na wote. Kila nyumba imejenga mlango wake na kutuambia tubebe funguo zote.

Tusidanganyane, Wayland ina mema yake. X haiwezi vizuri kuipa kila skrini kipimo chake. Mwenye 4K kando ya skrini ya kawaida anateseka. Tena kwenye X programu yoyote inaweza kuchungulia unachoandika. Hayo ni kweli na siyatetei. Ila pigeni hesabu yetu: laptopu ya inchi 14 yenye 1366 kwa 768 ni nukta kama 112 kwa inchi, skrini ya mtumba ni kama 96. Tofauti hiyo haiumizi macho. Mmetuponya ugonjwa tusiokuwa nao, mkatunyang'anya fimbo tunayotembelea.

Na wakati ndio huu huu. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mitumba zinatafuta Linux. Mwezi mmoja kabla, GNOME 49 ilikuja ikiwa imezima X. Novemba, KDE wakatangaza kwamba Plasma 6.8 itakuwa ya Wayland peke yake. Mgeni anaingia mlangoni, nyinyi mnaondoa kiti!

Ninachodai ni kidogo. GNOME na KDE wakae, wakubaliane itifaki moja ya kupanga skrini, na juu yake iwekwe amri moja ya maandishi. Iiteni jina lolote. Iweze kuongeza ukubwa usiotambuliwa, kuzima skrini iliyokufa, kufananisha na kutenganisha. Wenye wlroots tayari wana itifaki yao, anzieni hapo.

Mpaka mfanye hivyo, nikiulizwa na mwenye saiba nitamwekea Xfce juu ya X, na nitamtumia ule mstari mmoja kwa SMS. Anayebisha aje na mstari wake mmoja unaofanya kazi kote. Nitaujaribu siku hiyo hiyo, stima ikiwepo.