Je, Tulitie Sanduku Letu Femuwea Mpya?

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi kaka zetu mliotutangulia hapa shuleni, katika Klabu ya Kompyuta limezuka shauri ambalo limetugawa mafungu mawili. Naona halifai kuamuliwa na watu kumi na wawili peke yao katika maabara, maana mali inayobishaniwa si ya klabu. Ni picha zenu.

Wale ambao hawajafika shuleni siku nyingi hawana budi kuelezwa mambo yalivyo. Picha za zamani za shule, za timu za mpira, za kwaya, za viranja waliojipanga mbele ya bweni, zilikuwa zikiwekwa katika makabati mawili ndani ya stoo. Mchwa waliingia kabati la kwanza, na hakuna aliyejua mpaka siku mtu alipofungua mlango akakuta albamu zimekuwa udongo. Zilizokuwa katika kabati la pili zilinakiliwa na wanafunzi kwa mashine ya skana, kazi ya likizo mbili, zikatiwa katika sanduku la kuhifadhia mafaili tulilopewa na mwenzenu mmoja akaaye ng'ambo. Zapata elfu tatu na zaidi. Tangu hapo karatasi nyingi zimefifia, nyingine zimeshikana kwa unyevu hata haziachani. Kwa hiyo mtu akiuliza picha ya mwaka wake iko wapi, jibu ni moja tu: imo sandukuni.

Sanduku lenyewe ni ReadyNAS Ultra 4, la kampuni ya Netgear. Lina nafasi za diski nne, nalo hufungwa kwa kebo katika mtandao wa shule ili kila kompyuta ya maabara iweze kuweka faili humo au kulitoa. Ndani yake mna kompyuta kamili, ndogo, yenye prosesa ya Intel, na programu inayoliongoza, ambayo ndiyo iitwayo femuwea. Femuwea ndiyo ijuayo jinsi ya kuyagawa mafaili juu ya diski, kuzungusha feni, kuwasha taa, na kumwuliza mtu neno la siri. Pasipo hiyo sanduku ni bati tu.

Femuwea iliyokuja na sanduku letu yaitwa RAIDiator 4.2. Mwaka 2013 Netgear ilitoa nyingine, ReadyNAS OS 6, lakini iliitoa kwa ajili ya masanduku mapya, na ya zamani yakaachwa na ile yao. Baadaye watu wenye ujuzi waligundua kwamba masanduku ya zamani yenye prosesa za Intel yaweza kuipokea OS 6, wakatengeneza vifurushi vidogo vya kulitayarisha sanduku likubali. Wenye kampuni hawakuwaungia mkono: afanyaye hivyo hufanya kwa hatari yake mwenyewe. Masanduku ya Duo na NV+ ya toleo la kwanza yana prosesa za jamii nyingine kabisa, hayo hayawezi, wala asije mtu akapoteza Jumamosi yake kujaribu.

Basi fungu moja la klabu lataka tuitie OS 6 mara moja. Fungu jingine lasema sanduku lafanya kazi, liachwe.

Wale wa fungu la kwanza wana hoja nzito, nami sitaki kuwafanya wajinga. Sanduku huzungumza na kompyuta kwa utaratibu uitwao SMB, na letu, kama lilivyo, linajua SMB ya kwanza tu. Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft haiiweki tena SMB ya kwanza katika kompyuta mpya, isipokuwa mtu aiwashe mwenyewe. Kwa sababu hiyo kompyuta tulizopata karibuni hulitafuta sanduku wala hazilioni. Mwalimu akitaka picha kwa ajili ya sherehe, hatuna budi kuwasha ile kompyuta kuukuu ya pembeni, yenye feni iliayo kama cherehani. Yuko mwenzetu aliyesema tuiwashe SMB ya kwanza katika kompyuta zote, yaishe. Lakini njia hiyo ndiyo iliyopitiwa na WannaCry tarehe 12 Mei 2017, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa, ingawa Microsoft ilikuwa imekwisha toa kiraka tangu Machi. Kufungua mlango wa namna hiyo katika maabara nzima kwa sababu ya sanduku moja si busara.

Tena wasema kwamba chombo chenye femuwea ya zamani ni hatari, na hapo pia wasema kweli. Agosti 2014 wezi waliyaingia masanduku ya Synology, wakayafunga mafaili kwa ufunguo wa siri, wakadai malipo ya bitkoini 0.6 kwa kila sanduku. Walioumia ni wale waliokuwa na femuwea ya nyuma, kwa maana tundu lile lilikuwa limezibwa katika femuwea iliyotolewa Desemba 2013.

Lakini kisa ninachotaka wote wakifikiri ni cha My Book Live. Western Digital ilianza kuuza vyombo hivyo mwaka 2010, na mara ya mwisho kuvipa femuwea mpya ilikuwa mwaka 2015. Baada ya hapo viliendelea kufanya kazi kimya kimya katika nyumba za watu, vimefungwa kwenye intaneti, kama letu lilivyo kimya. Siku za 23 na 24 Juni 2021 wenye vyombo waliamka wakakuta diski zilizojaa picha za watoto wao na kazi za miaka mingi ni tupu, hata neno la siri halikubaliwi. Amri ilikuwa imepita kwa intaneti, ikakiambia chombo kirudi kama kilivyotoka kiwandani, nacho kikatii. Wataalamu walipoichungua ile femuwea waliona kwamba mistari michache iliyopasa kuuliza neno la siri kabla ya kufuta ilikuwa imezimwa na watengenezaji wenyewe, tangu mwaka 2011. Miaka kumi mlango ulikuwa wazi, na hakuna mwenye nyumba aliyejua.

Wenzangu wakisikia kisa hiki husema, "Waona? Femuwea ya zamani imewaponza." Mimi naona jambo jingine ndani yake. Siku ile walikuwako watu wa namna mbili. Mmoja alikuwa na picha zake mahali pengine pia. Huyo alikasirika, akang'oa kebo, akaenda kununua chombo kingine. Wa pili alikuwa na chombo kile peke yake. Femuwea yao ilikuwa moja, na mkasa ulikuwa mmoja. Aliyelia ni yule wa pili.

Hapa kuna kosa ambalo nimelisikia hata kwa vijana hodari wa klabu. Wasema sanduku letu lina diski nne, na diski hulindana, basi tunazo nakala. La. Diski zile hulindana na kifo cha mmoja wao tu: ikifa moja, zilizobaki huweza kujaza pengo lake. Amri ya kufuta haiendi kwa diski moja. Huzifikia zote nne kwa dakika ile ile. Wenye My Book Live Duo walikuwa na diski mbili ndani ya chombo kimoja, na siku ile haikuwafaa kitu.

Sasa tuyatazame mapendekezo ya OS 6 kwa jicho hilo. RAIDiator 4.2 huyapanga mafaili juu ya diski kwa utaratibu wa ext4, na OS 6 kwa utaratibu wa Btrfs. Kutoka huku kwenda huku hakuna daraja. Sanduku likipokea OS 6, diski zote hufutwa na kupangwa upya. Narudia, maana katika mkutano uliopita mtu alisema "huenda zikafutika": si huenda, zafutika. Na mtu akijuta akataka kurudi nyuma, huko nako ni kufuta tena, na njia yenyewe ni ngumu kuliko ya kwenda. Tena OS 6 siyo mpya kama jina "femuwea mpya" linavyotudanganya. Netgear yenyewe imekwisha acha kuuza masanduku haya, hivyo hata tukiitia, tutakuwa na chombo kisichotazamwa na mtu. Lazima kifungiwe ndani ya mtandao wa shule, kisionekane kabisa kutoka nje. Tukifika hapo tusidhani tumefika salama.

Liko pia jambo la umeme, ambalo wenzetu wanaoandika maelezo haya Ulaya na Marekani hawalitaji sana. Femuwea haikai juu ya diski peke yake. Sehemu yake huandikwa katika kumbukumbu ndogo iliyogandishwa ndani ya sanduku. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, sanduku laweza kubaki halijui tena hata kujiwasha. Mwanachama mmoja alijaribu kazi ya namna hii nyumbani kwao, kwa kisanduku kidogo cha chapa nyingine, jioni ya mvua. Umeme ulikwenda, ukarudi baada ya nusu saa. Kisanduku kikawasha taa moja ya njano, na mpaka leo ni ya njano. Hakikuwa na kitu ndani, basi tulicheka. Kwa sanduku la shule hakuna atakayecheka, na betri ya akiba tuliyo nayo hubeba mzigo kwa dakika saba.

Kwa hiyo mnaweza kudhani kwamba mimi ni wa fungu la pili, la kuliacha. Siyo. Wa fungu la pili huniudhi zaidi, kwa sababu wao hujiona wenye hadhari. Kuliacha sanduku lilivyo, na nakala moja ndani yake, diski zikizeeka kila mwaka, ni kungojea mchwa wa namna nyingine. Kabati la kwanza nalo lilikuwa limeachwa tu.

Mimi ni mweka hazina wa klabu, nami nimezihesabu picha: zote pamoja hazifiki GB 200. Diski moja ya nje ya TB 1 yazitosha mara tano. Muhula uliopita tulitumia fedha za kutosha diski mbili za namna hiyo kununua kumbukumbu ya kuongeza ndani ya sanduku, kusudi OS 6 iende kwa wepesi. Nami niliitia sahihi karatasi ile, sijitoi. Tulifanya hivyo kwa sababu kuipa mashine kuukuu uhai mpya ni kazi yenye sifa, mtu huisimulia bwenini usiku, na kunakili picha hakuna sifa yoyote. Unakaa unatazama mstari ukijaa polepole, kisha lazima ufungue picha moja moja kuhakikisha. Mwaka jana tulitia mia nne katika kijiti cha kumbukumbu tukaondoka tukijisifu. Tulipozifungua, arobaini na moja zilikuwa nusu kijivu.

Kura itapigwa Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao. Siku hiyo nitaikataa OS 6. Nitaomba badala yake diski mbili, moja ikae ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na nyingine itoke nje ya shule kabisa, kwa mmoja wenu mtakayemchagua wenyewe. Zikiisha kujazwa, na kila picha ikiwa imefunguliwa na macho ya watu wawili, shauri la femuwea lirudishwe mkutanoni, na hapo nitakuwa wa kwanza kuinua mkono kulikubali. Nitashika bisibisi mwenyewe, mchana, siku isiyo na mawingu.

Fedha za diski moja zipo. Ya pili haijapata mtu. Aliye nayo, hata iliyotumika, mradi nzima, amletee mlezi wa klabu kabla ya shule kufunguliwa, naye aseme pia kama yuko tayari kuitunza kwake.