Hukuomba? Basi hiyo ni 'unsolicited'

Twende Lushoto, maana neno letu la Kimombo wiki hii sikulitoa kwenye kamusi. Nimeliokota jikoni kwa mama mkubwa.

Nilipanda basi Mombo, nikafika jioni, baridi ya kufa mtu. Nikamkuta bi mkubwa kakodolea simu. Alikuwa anasubiri mwanawe aliyeko Tanga amtumie namba ya kulipia ada. Mara meseji ikaingia: "Ile hela itume kwenye namba hii." Akajua ndiye yeye, kabadili laini. Ilibaki namba ya siri tu!

"Mama mkubwa, namba hii uliiomba wewe?"

"Niliomba ya mwanangu. Hii... hapana."

Tukampigia kijana. Akaruka futi mia, hajatuma kitu! Ada ikapona.

Sasa hapo ndipo lilipo neno lenyewe: 'unsolicited', yaani kisichoombwa. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa Kiingereza chake, kifungu cha 20 kinataja 'unsolicited messages', ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba. Ukiletewa wa kitapeli usiujibu, upeleke TCRA kwa namba 15040.

Ila angalieni, washikaji, neno hili halina maana ya kibaya. Usichokitaka ni 'unwanted'. Jamaa aliyezamia harusini bila kadi ni 'uninvited'. 'Unsolicited' ni la vitu: ushauri, maoni, zawadi, hata barua ya kazi uliyopeleka ofisini wakati hawajatangaza nafasi. Wakikujibu kwamba barua yako ni 'unsolicited', usinune. Hujatukanwa, ila hakuna aliyekuuliza.

Bado hujanipata? Asubuhi naaga, mama mkubwa akanipa mfuko wa plamsi, zimeiva hizo, acha! Nikashukuru. Hajauachia mkono wangu, akaanza:

"Na wewe mwanangu, unaoa lini? Umri huo unakwenda."

Plamsi sikuziomba, swali sikuliomba. Vyote viwili 'unsolicited'. Lakini kimoja tu ndicho 'unwanted', na nadhani unakijua. Plamsi nilizimaliza kabla basi halijafika Soni. Swali bado ninalo.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na kabla hujatuma hela ya watu, jiulize kwanza: hii namba niliiomba?