Kompyuta Kuukuu Isitupwe



Wako wasemao kwamba kompyuta ya mezani ikiwa nzito, dawa yake ni kununua mpya. Mimi sikubaliani nao. Mara nyingi ugonjwa wake ni vumbi na uhaba wa kumbukumbu, na yote mawili yatibika kwa mkono wa mwanafunzi. Udongo wetu wa Gisenyi ni wa volkano. Vumbi lake likijaa katika feni, joto hukosa njia, na mashine hupunguza mwendo ili isiungue.

Basi ifunguliwe, lakini kwa adabu. Kwanza izimwe na waya uchomolewe, maana umeme wa ukutani ni volti 230. Kisha gusa chuma cha sanduku, kwani umeme wa mwilini, usiousikia, waweza kuua kadi. Feni ishikwe kwa kidole, ndipo isafishwe kwa brashi laini. Kadi ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4; ikikataa, usiilazimishe. Na kisanduku cha kuletea umeme kisifunguliwe kamwe: huweka umeme hata baada ya kuchomolewa.

Wakubwa huogopa kwamba tutaharibu. Hofu yao si bure. Lakini tukimaliza masomo tukijua kubonyeza tu, nani atazitengeneza? Naomba tupewe kompyuta moja mbovu ya kujifunzia. Nanyi kaka zetu mlioko Kigali na Goma, mkibadili mashine za ofisini, tuleteeni kadi zilizobaki. Zatufaa kuliko pongezi.