Opera Haihitaji Mapazia

Opera ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa, okestra ikisindikiza. Wengi huamini kwamba ikiimbwa na watu waliosimama tu, bila mavazi ya kuigizia wala mandhari ya jukwaani, inayobaki ni nusu opera. Imani hiyo ni potofu. Katika milima ya Upare, Tanzania, ina hasara ya wazi, kwani wanakwaya wanaomudu sauti nne huiona opera kuwa mali ya miji yenye majumba makubwa.

Samson et Dalila, opera ya Mfaransa Camille Saint-Saëns kuhusu Samsoni na Delila wa Biblia, yatosha kuikanusha imani hiyo. Mtunzi alikusudia kwanza oratorio, simulizi ya kuimbwa bila kuigizwa. Ferdinand Lemaire, aliyeandika maneno, ndiye aliyemshawishi iwe opera. Paris ilisita kuonyesha habari za Biblia jukwaani, hivyo ikaigizwa kwanza Weimar, Ujerumani, tarehe 2 Desemba 1877, tena kwa Kijerumani. Uingereza nayo haikuruhusu iigizwe hadi 1909, kwa sababu hiyohiyo ya Biblia. Ndiyo maana mwaka 1893 jumba la opera la Covent Garden, London, liliiimba bila kuigiza.

Ushahidi mkubwa zaidi umo ndani ya kazi yenyewe. Inapoanza, Waebrania husikika wakilia kabla pazia halijafunguliwa. Baadaye Samsoni, kipofu, anasaga kinuni, na watu wake wanamlaumu kutoka mahali wasikoonekana. Palipo na uchungu mwingi kuliko pote, mtunzi mwenyewe aliwaficha wanakwaya. Hekalu la Wafilisti linapoanguka bila kuigizwa, ni kweli, jicho hukosa kitu; sikio halikosi.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Upare mwaka 1900, Waadventista 1903, na uimbaji wa kwaya ukaota mizizi Usangi, Mbaga, Gonja na Suji. Kisa cha Samsoni na Delila, kilichomo katika Waamuzi 16, hakihitaji kufafanuliwa huko. Kinanda kimoja chaweza kushika nafasi ya okestra kwa kuanzia. Lugha nayo si kizuizi: kazi ya Kifaransa iliyoigizwa kwanza kwa Kijerumani yaweza kuimbwa kwa Kiswahili. Saint-Saëns alifariki 1921, kwa hiyo muziki wake hauna tena mwenye kudai malipo. Ugumu halisi uko kwa Samsoni na Delila, sauti zinazotaka mafunzo ya miaka.

Kwaya za Upare zisiwasubiri waimbaji hao. Zianze na maombolezo ya Waebrania, kanisani, zikiwa zimesimama kama zinavyosimama kila Jumapili na kila Sabato.