Je, Nyimbo za Dansi Zina Maana?

 

Hapa Mkuyuni, baada ya darsa za Alasiri, tumekuwa tukiletewa swali moja kwa sura mbalimbali. Vijana hulileta wakiwatetea waimbaji wao. Wazee hulileta wakizitetea zilipendwa, wakisema kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na mafunzo na hizi za leo ni kelele tu. Na wapo wahubiri wetu, Allah awalipe heri kwa juhudi zao, wanaolikata swali kabla halijamalizika kuulizwa, kwa kusema kwamba kila kinachochezewa ni upuuzi usio na maana yoyote. Si swali la kupitishia muda. Kila msimu wa harusi unapofika tunaona ndugu wa tumbo moja wakisusiana kwa ajili ya spika, upande mmoja ukisema "ni nyimbo zenye mafunzo," upande wa pili ukisema "ni za Shetani," na bibi harusi akiwa ndani analia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo ndimi zetu huyachanganya. Kuuliza kama maneno ya wimbo yana maana ni kuuliza juu ya lugha, na shahidi wake ni masikio. Kuuliza kama wimbo huo ni halali ni kuuliza juu ya hukumu, na shahidi wake ni dalili za Kitabu na Sunna. Tuitazame Surat al-Baqara ilipozungumzia ulevi na kamari: imekiri kuwa mna manufaa kwa watu, kisha ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi, na uharamu ulio wazi ukateremka baadaye. Ikiwa Mola wetu hakukana manufaa ya kitu alichokuja kukiharamisha, sisi ni nani hata tukane maana iliyomo katika wimbo kwa kuwa tu hatuuridhii?

Na mkoa wetu ndio wa mwisho kuweza kukana. Mji wa Morogoro, ambao watu wa Mkuyuni huuendea kila siku na mananasi na ndizi zao, ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya dansi katika nchi hii. Salum Abdallah, mzaliwa wa hapo hapo, aliiongoza Cuban Marimba hadi alipofariki katika ajali ya gari mwezi Novemba 1965. Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz mwaka huo huo wa 1965, akapelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, naye akafa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa hajatimiza miaka 35. Majina yao yanatosha kutuambia walikotoka. Ni watoto wa nyumba kama zetu, na tunamwomba Allah awasamehe wao na sisi.

Katika historia hiyo mna jambo ambalo pande zote mbili zinazogombana hazilitaji. Dansi letu lilianza kwa maneno yasiyoeleweka. Santuri kutoka Cuba zilipoenea katika miji yetu, vijana walijifunza nyimbo za Kihispania kwa sikio, wakaziimba neno kwa neno bila kujua zinasema nini, na watu wakacheza. Salum Abdallah mwenyewe inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka kwao akitaka kufika Cuba, akaishia Mombasa. (Sisi tuliovuka mipaka kutafuta elimu kwa lugha ya Kiarabu twaijua hamu ya namna hiyo, ingawa safari yetu ilielekea kwingine.) Baadaye kikaja Kilingala kutoka Kongo, na hadi leo wapo wazee wanaocheza nyimbo za Kilingala wasizozifahamu hata sentensi moja. Basi mwili wa mchezaji hauhitaji maana. Wanamuziki wa Morogoro walipoamua kuimba kwa Kiswahili habari za ndoa, za safari, za ufukara na za misiba, hawakulazimishwa na dansi lenyewe. Walikuwa na jambo la kusema.

Na walisema. Mbaraka ana wimbo ambao jina lake tu ni "Shida," na mtu asiyemjua mwimbaji analijua neno hilo nyumbani mwake. Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya 25 Desemba 1971, Mbaraka alimwimbia, na habari ile ikaingia katika kumbi ambazo gazeti halikuwa likifika. Salum Abdallah ana wimbo uitwao "Mkono wa Idi," ambao redio zetu huupiga sikukuu inapofika, na Waislamu wengi wanaujua kuliko wanavyozijua hukumu za Zakatul-Fitri. Mtu akisema mbele ya mzee aliyeishi miaka hiyo kwamba nyimbo hizi hazikuwa na maana, mzee atanyamaza kwa adabu. Lakini hatamwamini tena hata atakapomweleza jambo la kweli.

Hata hivyo, wazee wetu nao wasifurahi haraka. Neno kuwa na maana si neno kuwa la kweli. Katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya vijana wa chama tawala, na bendi za polisi na majeshi. Studio ya kutumainiwa ilikuwa ya Redio Tanzania, ambako maneno yalipimwa kabla ya kwenda hewani. Sehemu ya mafunzo yale ilikuwa ni siasa ya wakati huo iliyofungwa katika gitaa. Na katika zama za bendi za watu binafsi tumesikia waimbaji wakiyapanga majina ya matajiri ndani ya wimbo, hili kwa hili, na kila jina limelipiwa. Hayo nayo ni maneno yenye maana, tena maana iliyo wazi kabisa. Surat ash-Shu'araa imewaeleza washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, kisha ikawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Kipimo cha aya ni ukweli wa mwenye kusema na amali yake, na hakuna pahali ilipodai kuwa maneno ya wale wengine hayaeleweki.

Kuna jambo la pili, nalo tunaliona zito zaidi. Asikilizaye dansi la miaka ile ataona kwamba wimbo una sehemu mbili. Mwanzo wake ni wa taratibu, na humo ndimo kisa kinamosimuliwa. Kisha huja chemko: ngoma hupanda, magitaa hukimbizana, na maneno hupungua hadi kubaki vibwagizo na vifijo. Watu hukaa vitini wakati wa maana na husimama wakati wa chemko. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyefanya makao yake Dar es Salaam hadi alipofariki Desemba 2010, aliimba wimbo kuhusu kifo. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tukithirishe kukikumbuka kile kikatacho ladha zote, na kwa tamko peke yake mwimbaji yule alikuwa katika mlango huo huo. Lakini mauti yanayokumbushwa kwa mtu aliyeshika chupa, huku mke wa jirani akizunguka mbele yake, yanamkumbusha nini? Hatusemi haiwezekani mmoja akatoka pale akalia. Tunasema ukumbi wenyewe unakula maneno yanayotamkwa ndani yake.

Huyo huyo Ongala aliimba "Mambo kwa Soksi," kuhusu kinga dhidi ya Ukimwi, na Redio Tanzania ikakataa kuupiga. Hata wenye mamlaka, basi, waliona kuwa maneno ya dansi yana nguvu ya kuogopwa.

Tukija katika hukumu, hatutaki kuficha ikhtilafu. Aya ya sita ya Surat Luqman inayotaja maneno ya upuuzi, Ibn Mas'ud (R.A.) aliifasiri kuwa ni uimbaji, na wengine wakaifasiri kwa upana zaidi. Hadithi iliyomo katika Bukhari juu ya watakaohalalisha ala za muziki ndiyo tegemeo la jamhuri ya wanazuoni, na Ibn Hazm aliitia ila katika isnadi yake. Al-Ghazali alikuwa na ufafanuzi wake. Sisi tuko pamoja na jamhuri katika jambo la ala, na hatumtukani aliyemfuata Ibn Hazm kwa elimu. Ama maneno ya utungo, Imamu wa madhehebu yetu, Shafii, amekwisha kutufundisha kuwa ushairi ni maneno kama maneno mengine, zuri lake zuri na baya lake baya.

Lakini dalili tunayotaka ndugu zetu waizingatie ni ile ya Rubayyi' binti Mu'awwidh (R.A.), iliyomo pia katika Bukhari. Siku ya harusi yake wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwataja kwa sifa wazee wao waliouawa siku ya Badri, Mtume (S.A.W.) akiwa amekaa pale. Mmoja akaingiza neno kwamba miongoni mwao yumo Nabii ajuaye yatakayotokea kesho. Mtume (S.A.W.) akamwambia aliache hilo na aendelee na aliyokuwa akiyasema. Dufu halikunyamazishwa, harusi haikuvunjwa, na neno moja lililoharibu itikadi likaondolewa. Hii ina maana kwamba alikuwa akisikiliza. Wangapi kati yetu tunaokataza tumeusikiliza wimbo hadi mwisho, tukajua ni neno gani hasa linalostahiki kuondolewa?

Na hapa hatuna budi kuigeukia mimbari. Bibi zetu wa Kiluguru waliwafunda wali kwa ngoma zenye mafumbo kabla gitaa halijaonekana katika milima hii, na kila mwali alitoka akijua fumbo lile linasemaje. Mbaraka aliwaambia watu shida zao kwa Kiswahili. Sisi kwa miaka mingi tumewasomea waumini khutba ya Ijumaa kwa Kiarabu tangu mwanzo hadi mwisho, kutoka katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, na mzee wa Kinole akarudi nyumbani na ladha ya sauti peke yake. Qur'an ina thawabu kwa msomaji wake hata asipofahamu, nasi tunaamini hivyo. Khutba ni mawaidha, na hakuna awaidhikaye kwa asichokielewa. Nguzo za khutba zibaki kwa Kiarabu kama walivyosema wanazuoni wetu, na nasaha zije kwa lugha ya watu: bei ya zao, mahari, mirathi ambayo katika ukoo wa upande wa mama imeleta kesi zisizokwisha. Msikiti usiozungumza hayo unamwachia mwimbaji kazi yake, kisha unamlaumu kwa kuifanya.

Kuhusu harusi tunashauri hivi: spika na bendi ziachwe, wanawake wapewe dufu lao na faragha yao, na maneno ya nyimbo yasomwe siku chache kabla na mtu mwenye elimu pamoja na bibi mwenye umri, kwa maana bibi huyo anajua mafumbo ambayo ustadhi hayajui. Tunajua wapo wasomaji wa kurasa hizi wasioliridhia hata dufu katika baadhi ya hali, na tungependa kuziona dalili zao toleo lijalo.

Wanafunzi wetu wa madrasa wameshatunga kaswida ya Kiswahili juu ya ukubwa wa mahari. Ina beti kumi na mbili, haina ala yoyote, na wazee wawili wenye mabinti wamekwisha kuikasirikia.

Wallahu aalam.