Mgodi Usiojua Maji Yake

Enzi za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, kipande cha njia kilichoogopwa sana ni Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Kirangozi wa Kinyamwezi hakuanza kwa kuhesabu pembe za ndovu. Alianza kwa kuhesabu visima. Pale vituo vya maji vilipoachana mno, msafara ulitirikeza: watu walijaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakalala porini pasipo maji na kuyafikia mengine asubuhi ya pili. Ndio watu hao ambao vitabu vya wakoloni viliwaita wapagazi tu.

Je, wanaochimba dhahabu katika nchi hiyo hiyo leo wana nusu ya busara ya kirangozi?

Mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega, uliomilikiwa na kampuni ya Resolute ya Australia, ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998, ukiwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini. Mwaka 2014 ulifungwa. Umri wa mgodi ni miaka 16 hivi; kijiji hakina tarehe ya kufungwa. Mhandisi wa kampuni hupanga maji kwa umri wa dhahabu iliyomo ardhini, na mwanakijiji anataka maji ya wajukuu wake. Ugomvi wote umo hapo.

Mgodi hula maji. Mwamba husagwa na kuchanganywa na maji, dhahabu hutenganishwa kwa sianidi, na tope linalobaki hupelekwa katika bwawa la topesumu. Sehemu ya maji hayo yaweza kurudishwa mitamboni, lakini jua la Tabora halina subira: mvua ni ya Novemba hadi Aprili, na miezi inayobaki bwawa linapungua kila siku. Tena shimo likizidi kwenda chini, maji ya ardhini hayana budi kuvutwa kwa pampu, na visima vifupi vya jirani vyaweza kukauka. Wataalamu huleta hesabu ya wastani wa mvua. Ng'ombe hawafi katika mwaka wa wastani.

Wapo wanaodai kuwa bomba la Ziwa Victoria limekwisha kufika Igunga, Nzega na Tabora, basi shida imekwisha. Hoja hiyo ni ya uvivu. Bomba hilo lilijengwa kwa mkopo kutoka India ili wananchi wanywe. Kuliunganisha na mitambo ya dhahabu kabla ya kupima kiu ya miji hiyo kwa miaka 30 ijayo ni kuwabebesha wananchi deni ili kampuni ipate nafuu. Taifa limekwisha kuonja ahadi zisizo na hesabu: mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971 uliahidi kila mwananchi maji karibu na nyumbani ifikapo 1991, na mwaka huo ulipofika wengi bado walikuwa wakichota malamboni.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza mahitaji ya binadamu. Basi leseni isitolewe mpaka kampuni ionyeshe hesabu ya mwaka wa ukame, lambo lake yenyewe la kukinga mvua, vipimo vya visima vya jirani vilivyochukuliwa kabla ya baruti ya kwanza, na fedha iliyowekwa benki kwa ajili ya siku ya kufunga. Kampuni itakayoona masharti hayo ni mazito, na iende ikachimbe penye mito.