Mawe ya Mombasa na Asili Yake
Ndugu msomaji, upitapo katika Mji wa Kale wa Mombasa, utazame ukuta uliobanduka chokaa. Katika jiwe utaona alama kama nyota ndogo ndogo, na vipande vya makombe ya pwani. Hayo ni matumbawe, yaliyojengwa na vidudu vya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita; kisha bahari ikapwa, mwamba ukabaki nchi kavu. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo, na kuta zake ni za mawe hayo hayo.

Jiwe hili lina matundu, tena hunywa maji. Mafundi wa kale waliijua tabia yake, wakachoma matumbawe kupata chokaa, wakaupaka ukuta upate kupumua. Siku hizi wengine huzitengeneza nyumba hizo kwa saruji. Saruji ni ngumu, lakini huufungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya, na jiwe humomonyoka nyuma ya lipu nzuri. Basi mwenye nyumba ya kale na amwite fundi wa chokaa kabla hajanunua saruji.